Dakika Ishirini za Injini ya Nassor

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, Azaiba hapa Muscat, uani kwa marehemu kaka yangu. Sikuhadithiwa. Niliyaandika kwenye daftari siku ile ile kabla ya magharibi, mikono bado ina mafuta ya injini, na karatasi zina alama za vidole mpaka leo. Sisemi kwamba nina hakika na nilichokiona. Sina. Kusoma sikusoma sana, macho yangu si mazuri, na siku ile joto lilikuwa halisemeki. Yale yanayonipinga mwenyewe nitayataja pia. Lakini niamini kwa hili: sikuongeza kitu.

Kaka yangu Nassor alikuwa na gari ya Kimarekani, modeli ya sitini na tisa, milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda nane. Gari zile zilitengenezwa kwa ajili ya nguvu tu. Breki zake, Nassor mwenyewe akisema, unakanyaga huku unaomba dua. Ndiyo gari aliyomchukulia mkewe Moza siku ya harusi, kutoka kwao Bustan, na watu wa njiani walijua bibi harusi anapita kabla hawajaiona. Mwaka wa tatu wa ndoa akaiingiza wadini, kwenye bonde la mto mkavu, maji ya mvua yakiwa yanashuka. Injini ikanywa maji, vyuma vinavyoshika pistoni vikapinda, gari ikafa. Ikakaa bandani miaka na miaka. Watoto wao walikua wakicheza ndani yake.

Alipostaafu ndipo akaanza kuifufua. Ilimchukua miaka kumi na moja. Mimi nilikuwa dereva wa wizara moja pale Al Khuwair, na kila Alhamisi nikitoka kazini nampitia. Kazi yangu ilikuwa kumshikia taa na kumkera.

"Kabati lako hili litaondoka lini?"

"Wewe shika taa. Unanimulika pua, pua yangu haina plagi."

Moza naye hutoa kichwa dirishani: "Nassor, mie n'takufa sijaisikia tena ikinguruma!"

"Utaisikia, bibie. Utaisikia mpaka useme basi."

Ikawa kinyume. Nassor alipata maradhi ya koo. Mwaka wake wa mwisho sauti ilibaki ya kunong'ona. Kumsikia lazima umwinamie mdomoni. Alikonda akawa mtu mwengine. Injini alikuwa ameshaifunga karibu yote, kamshafti mpya ndani, ule mtaimbo unaofungua na kufunga milango ya silinda, imebaki kuunganisha umeme na kuiwasha. Akafariki. Mimi mwenyewe niliingia kaburini kumlaza, kwa hiyo msinambie labda hakufa.

Moza akakaa eda. Kwa asiyejua, mjane kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, na haonekani na wanaume wasio maharimu wake, yaani wale wanaoweza kumuoa. Hata mimi shemegi yake nilisema naye nikiwa nje ya dirisha, pazia limeshuka. Watoto walikubaliana kwamba eda ikimalizika aende kwa binti yake aliyeko mji wa Sohar, nyumba ifungwe. Siku moja akanambia nyuma ya pazia:

"Shemegi, nna ombi. Kabla sijaondoka nataka niisikie ile gari. Mara moja tu. Kaniahidi miaka kumi na moja."

Ningejibu nini? Nikasema inshaallah, na huku najua kwamba sijui. Miaka yote ile nilishika taa, lakini je, niliangalia ilikokuwa ikimulika?

Nikajaribu wiki tatu. Kila nikizungusha swichi injini inakohoa. Moto unarukia juu kupitia kabureta badala ya kuteremka kwenye ekzosi. Mara moja uliniunguza nyusi. Nikabadilisha plagi. Nikapanga waya upya kwa ule mpangilio alioandika Nassor ukutani kwa penseli. Nikaweka alama ya puli ya mbele, inayoonyesha pistoni ya kwanza iko juu, pale inapotakiwa, kama nilivyomwona akifanya. Haikuwaka. Na kila ikikohoa nasikia pazia la Moza likitikisika. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Zikabaki siku mbili eda iishe.

Siku yenyewe nilikuja baada ya adhuhuri. Mnajua Muscat saa hizo wakati wa kiangazi: maduka yamefungwa, watu wamelala, hata paka hawaonekani. Nilikuwa nimejiinamia ndani ya boneti, jasho linanidondoka juu ya injini, nikasikia, "Hodi."

"Karibu," nikajibu bila ya kuinua kichwa.

Akaja akasimama upande wa pili wa gari. Mwanamume, kifua kipana, kanzu ya kazini, na kitambaa amejizungushia kichwani na usoni mpaka chini ya macho, kama wanavyofanya watu wa juani. Jua lilikuwa nyuma yake. Sura sikuiona, na sitaki kusema uongo kwamba niliiona. Sauti ilikuwa nene, imejaa, ya mtu mwenye afya yake. Hakutoa salamu nyengine zaidi ya ile hodi. Hilo nilikuja kulikumbuka baadaye.

Sasa nitasema kosa langu. Kwetu mgeni haulizwi "wewe nani" akifika. Utamkaribisha, utampa kahawa, mtaulizana habari, na mwenyewe akitaka atajitaja. Nami nikaona aibu kumuuliza. Nikadhani ni mmoja katika wapenzi wa gari hizi, na wapo wengi hapa mjini, kasikia injini inakohoa akiwa barabarani akaingia. Inawezekana kabisa ndivyo. Nikamnyanyulia kikombe cha kahawa. Akatikisa vidole, kama mtu anavyotikisa kikombe kusema ametosheka, na hakukipokea.

"Inakohoa juu?" akauliza.

"Juu. Na alama nimeiweka sawasawa."

Akacheka. "Alama itakudanganya. Pistoni hupanda juu mara mbili: mara ya kwanza inabana hewa, mara ya pili inatoa moshi. Alama inakuja pale pale mara zote mbili. Wewe utajuaje ni ipi?"

Kweli, ningejuaje?

"Chomoa plagi ya kwanza. Ziba tundu kwa kidole gumba. Zungusha injini kwa spana, pole pole. Isipokusukuma kidole, hiyo siyo, endelea."

Nikafanya. Alama ikaja, kidole hakikuhisi kitu. Nikazungusha tena mzunguko mzima, na kabla alama haijafika, injini ikapumua. Wallahi ilipumua. Hewa ikakisukuma kidole changu kama mtoto anayekataa kuzibwa mdomo.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Sasa fungua kifuniko cha distributa, tazama rota inaangalia wapi."

Rota, kile kidole kinachogawa moto kwa plagi, ilikuwa inaangalia upande wa pili kabisa. Wiki tatu nilikuwa nikiipa silinda moto wakati imeshafungua mlango wa kutoa moshi. Nikaing'oa distributa, nikaigeuza nusu mzunguko, nikairudisha. Yeye hakugusa kitu. Zingatia hilo, maana nimelifikiri sana: hakushika hata spana moja. Mikono iliyofanya kazi ni yangu, kwa hiyo ushahidi wowote uliobaki kwenye gari ile ni wangu tu.

Pale ndipo Moza aliposema nyuma ya pazia.

"Shemegi... nani huyo unayesema naye?"

"Mgeni tu, amekuja kunisaidia."

"Nnataka kutoka." Hapo sauti ilishatoka upande wa mlango.

Nikashtuka. Mjane, siku mbili zimebaki, na uani kuna mwanamume wa nje! Watu wangesema nini? Nikajibu haraka, na kwa ukali kidogo, Mungu anisamehe: "Usitoke, shemegi! Kuna mwanamume hapa. Kaa ndani."

Yule mgeni akainamisha kichwa. Nikadhani ameona haya kama mimi. Halafu akasema, taratibu:

"Mwambie asikilize tu."

Nami, kama mpumbavu, nikaupokea ujumbe nikaufikisha: "Shemegi, mgeni anasema usikilize tu."

Yule mgeni akanigeukia.

"Ikiwaka," akanambia, "usiizime dakika ishirini. Kamshafti ni mpya, inataka kulainika kwanza. Ishikilie mafuta, isinyong'onyee, ama itajila yenyewe. Hata uitwe na nani, usiizime."

Nikaingia ndani ya gari. Boneti imesimama wazi mbele yangu kama ukuta, yeye yuko nyuma yake. Nikazungusha swichi. Ikashika papo hapo! Ndugu msomaji, sijui nikuelezeje. Silinda nane zikanguruma pamoja, bati la banda likalia, vumbi la miaka likaanguka kutoka darini. Nikalia machozi. Nikakanyaga mafuta nikaishikilia, macho kwenye saa ya mkononi. Dakika ishirini. Sikusikia kitu chochote duniani isipokuwa injini ya Nassor, na nilikuwa na furaha. Nasema ukweli, nilikuwa na furaha.

Nilipoizima, nikasikia Moza anagonga kioo. Alikuwa akigonga, alikuja kunambia, tangu injini ilipowaka. Alikuwa akiniita jina langu, jambo asilolifanya kabisa, na sauti ilikuwa imeshamkauka.

Nikashuka. Nyuma ya boneti hapakuwa na mtu. Lango lilikuwa limefungwa kwa komeo la ndani. Lakini siwezi kuapa kwamba mwanzo nililifunga, wala kwamba hakuna watu wanaojua kulirudisha komeo kwa nje.

"Yuko wapi?" Moza akauliza. Ndipo akalivuta pazia pembeni. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake tangu mazishi.

"Ameondoka. Sijui ni nani, sikumuuliza."

"Hukumjua?"

"Alikuwa amejifunga uso."

"Na sauti? Shemegi, na sauti hukuijua?"

Nikamwambia kweli sikuijua. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Ile sauti ya Nassor. Ya zamani, kabla ya koo. Ile aliyonijia nayo Bustan. Nlikuwa nimelala, ikaniamsha. Nkasimama pembeni ya dirisha, sikuchungulia kwa sababu ulinambia mgeni. Nkamsikia mwenyewe akisema nisikilize, kabla wewe hujanambia." Akavuta pumzi. "Nlikuja mpaka mlangoni. Mkono kwenye kitasa. Ukanambia kuna mwanamume. Tangu lini yule akawa mwanamume wa nje kwangu?"

 

Nimejitetea kwa kila njia. Huenda alikuwa fundi mpita njia. Huenda Moza, katika majonzi yake, alisikia alichotaka kusikia. Alikuwa ametoka usingizini, kama alivyosema mwenyewe. Huenda mimi jua lilinipanda kichwani na yale ya kidole gumba niliwahi kumsikia Nassor akiyasema, nikayakumbuka kwa namna hiyo. Yote haya yanawezekana, na nimeyaandika yote. Lakini kuna kitu kimoja kinachoninyima usingizi kuliko mzuka wowote: mimi ni ndugu yake wa tumbo moja, na sauti yake ya afya nimeisahau. Mwaka mmoja wa kunong'ona ulifuta miaka sitini. Nikikaa nikajaribu kumsikia, namsikia mgonjwa tu. Kaka yangu alisimama mbele yangu, kama ni yeye, akanifundisha, akanicheka, nami nikamnyanyulia kahawa kama mtu baki.

Moza yuko Sohar sasa. Gari haijawashwa tena. Yeye hataki, na mimi siwezi. Hanichukii. Nikienda kumwamkia ananipikia, ananiuliza watoto, halafu chakula kikishaondolewa anarudi pale pale.

"Hebu niambie tena. Aliposema nisikilize tu, alisemaje? Alikuwa anacheka?"

Nami namwambia ndiyo, alikuwa anacheka. Hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi sipendi uongo, lakini huo nimemwambia mara nyingi na nitamwambia tena.

Kwa hiyo wewe unayesoma, nakuusia, na ukiniona mwendawazimu ni haki yako. Akikujia mtu saa za mchana watu wamelala, akajua kazi ya marehemu wako kuliko wewe unavyoijua, muulize jina lake. Usione haya. Mtazame usoni hata akichukia. Na kama kuna mwanamke nyuma ya mlango anasema anataka kutoka, toka njiani. Dhambi yake kama ipo ataibeba yeye. Mwache afungue.