Swichi ya Ijumaa

Miaka minne niliuvaa shingoni, kwa kamba ya kiatu, ufunguo wa chumba cha kompyuta katika afisi ya wakala wa mizigo pale Bondeni. Kwetu Kuze mamangu aliwaambia majirani kwamba mwanawe ndiye anayeshika mitambo yote ya tajiri. Mitambo yenyewe ilikuwa kompyuta tano, lakini sikumsahihisha.

Kisha tajiri akamwajiri mtu wa Kaloleni. Alikuwa rika langu, Mkristo, mpole, shati lake limenyooka pasi kila siku ya Mungu. Na alijua kazi. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi nilijifunza kwa kubahatisha, yeye alikuwa amesoma. Nilimwonea kijicho tangu siku ya kwanza, na sitaki kulipamba neno hilo.

Wakati huo afisi ilitaka mashine moja ipokee barua pepe kutoka Dubai na kuzigawa katika vyumba vyote. Nikashauri tutumie Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu nilitaka nionekane mjuzi. Kumbe kadi yetu ya mtandao haikutambuliwa na kile kiini cha mfumo kilichokuja tayari. Ilibidi tutengeneze kiini kipya sisi wenyewe kutoka kwenye msimbo wake, maelfu ya mistari iliyoandikwa na watu, ambayo mashine huisaga faili moja baada ya jingine mpaka iwe programu. Wengine hununua mkate; sisi tulikuwa na ngano. Wiki mbili nilisaga, nikapata makosa matupu. Kila ilipokwama nilifuta yote nikaanza upya, nikidhani hivyo ndivyo. Faili la maelezo sikulisoma. Mtu wa miaka minne asome maelezo?

Tajiri, mzee wa Kihindi asiye na subira ndefu, akaniambia mbele ya watu, "Ijumaa jioni nataka kuona barua. Ukishindwa wewe, ufunguo nampa mwenzio."

Dada mpiga taipu akacheka chini kwa chini. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. Nikamwambia ashughulike na taipu yake.

Mgeni mwenyewe hakuwa hata na akaunti. Siku aliyofika aliniomba nimfungulie moja, nikamwambia, "Kesho, inshallah." Kesho hiyo ilikuwa imefika wiki ya tatu. Kila asubuhi nilimwingiza kwenye mashine kwa jina langu, nikiandika neno la siri mwenyewe huku nimeliziba kwa mkono, ili nijue anafanya nini. Naye husema, "Ahsante, ndugu yangu," bila kinyongo, na upole wake ukanizidishia hasira.

Ijumaa hiyo, saa nne asubuhi, nilikuwa nimekwama tena; akaniomba ajaribu yeye, akaanza. Alisoma maelezo yote, akajibu maswali ya mashine moja moja, akaandika amri, na mistari ikaanza kupanda kwenye kioo. Nikangoja ikwame. Haikukwama.

"Baada ya saa tatu hivi itakuwa tayari," akasema. Nikapiga hesabu, nikapata saa saba.

Saa sita tajiri hufunga afisi tukaenda msikitini. Na kabla ya kufunga huzima swichi kubwa ya umeme kwa mkono wake, kila Ijumaa, tangu ghala la jamaa yake liungue watu wakiwa kwenye swala. Sisi wa siku nyingi tulijua, na siku hiyo hakuna aliyeacha kitu kikiwaka. Mgeni hakujua, maana Ijumaa zake zote za nyuma alitumwa bandarini. Nilikuwa na saa mbili nzima za kumwambia. Nikaenda kutawadha.

Wallahi sikusikia neno moja la hotuba. Nilikuwa namwona akirudi kutoka kula, akute kioo cheusi, aanze upya kama nilivyokuwa nikianza mimi, jioni imkute hana kitu, nami nimwambie tajiri kwamba hata msomi ameshindwa, ufunguo ubaki kwangu. Niliona raha. Wazee husema usisafirie nyota ya mwenzio. Mimi sikutaka kuisafiria; nilitaka izimike.

Tuliporudi mgeni alisimama mbele ya kioo. "Umeme ulipotea?"

"Tajiri huzima kila Ijumaa," nikasema. "Nilisahau kukwambia."

Akanitazama, kisha akaiwasha kompyuta. Mashine ikajikagua, nikamwingiza kwa jina langu kama kawaida, akaandika amri ile ile. Haikuanza upya. Iliyakuta mafaili yaliyokwisha kusagwa, ikayaacha, ikaendelea pale ilipokatikia.

"Hakuna haja ya kufuta," akaniambia taratibu. "Yenyewe inajua ilipofika." Nikazikumbuka wiki zangu mbili za kufuta na kuanza upya.

Alasiri kiini kikawa tayari. Nikatia neno kuu la siri, yeye akakisakinisha, na tajiri akaja kuketi mbele ya kioo. Mashine ya namna ile ikiamka huandika kwanza ni nani aliyekitengeneza kiini chake, yaani jina lililokuwa limeingia wakati kinasagwa. Tajiri akavaa miwani akalisoma kwa sauti. Lilikuwa jina langu.

Baada ya dakika chache barua ya Dubai ikaingia. Akanishika bega. "Basi ufunguo uko mahali pake," akasema, akaenda zake.

Hapo pia ningeweza kusema. Dada mpiga taipu alinikodolea macho, kwa kuwa alijua ni nani aliyekaa kwenye kiti kile kutwa. Mwenzangu akakusanya karatasi zake, akazipanga, akaja kusimama nami mlangoni.

"Ndugu yangu," akasema, "sasa utanifungulia akaunti?"

Nikaushika ufunguo shingoni.

"Kesho," nikamwambia, "inshallah."