Akina Stanislaus Wawili wa Kaboya

Evelina, fundi cherehani wa Kibaoni, Ifakara, alikuwa ametimiza miaka sitini bila kuliona Ziwa Viktoria. Baada ya mavuno ya mpunga, yeye na shoga zake wawili, Paskazia na Agnella, wakaamua kutembea kabla magoti hayajakataa. Wakatoka Ifakara kwa basi, wakalala Dodoma, wakalala Mwanza, na siku ya tatu wakakodi gari dogo kuelekea Bukoba. Ukungu ulikuwa umeilalia migomba, vilima vinatokea na kupotea, na Evelina akawa hajui vizuri kama yu macho au anasinzia.

Walipofika Muleba dereva akasema, "Mama zangu, hapa Kaboya kuna makaburi ya wanajeshi wetu wa vita vya Kagera. Wageni huwa wanapita kuyaona. Tuingie?"

"Sisi tumekuja kutalii, hatukuja matangani," Agnella akacheka.

"Tuingie," alisema Evelina.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kuwasimulia. Masika ya mwaka wa sabini na nane, akiwa na miaka kumi na mitatu, alikwenda kuchota maji mto Lumemo, ukingo ukamegeka naye. Alikumbuka maji ya rangi ya tope, kisha utulivu wa ajabu, kama mtoto anayebembelezwa alale. Halafu mkono ukamshika gauni. Ulikuwa wa Stanislaus, kijana wa Malinyi, kibarua katika shamba la jirani. Jioni ile mama yake alimchinjia kijana yule jogoo. Evelina aliona haya, akajificha jikoni mpaka mgeni akaaga. Atamshukuru siku nyingine, alijiambia. Kabla mwaka haujaisha vita vikaanza, mgambo wakakusanywa, na Stanislaus akaenda nao. Ikaja habari kwamba amefia huko. Jina la baba yake hakuna aliyelijua.

Makaburi yalikuwa meupe, yamepangwa kwa safu kwenye majani yaliyofyekwa, na safu za mbali zilimezwa na ukungu. Askari kijana, aliyejitambulisha kwa jina la Evarist, akawapokea.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Evelina. "Namtafuta Stanislaus."

"Stanislaus nani, mama?"

"Sijui. Alikuwa Mndamba wa Malinyi."

Kijana hakumshangaa. "Basi tutayasoma yote," akasema.

Wakaanza kutembea. Evelina alisoma majina kwa sauti ndogo, moja baada ya jingine, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyohisi anapita katikati ya watu waliosimama kimya kumpisha. Miguu yake haikuwa na uzito. Shoga zake walimfuata nyuma. Katika safu ya tatu wakamkuta Stanislaus mmoja. Karibu na uzio wakamkuta wa pili.

"Yupi ndiye wako?" Paskazia akauliza taratibu.

Hapo ndipo Evelina alipowasimulia, wamesimama katikati ya safu, khanga zao zimelowa umande. Alipomaliza akarudi kwa yule wa kwanza, akapiga magoti.

"Kaka, mimi ni yule mtoto wa Lumemo. Nilijificha jikoni, unisamehe. Nimeolewa, nimezaa wanne, nina wajukuu tisa. Wote hao ni mkono wako. Asante."

Kisha akainuka, akaenda kwa yule wa karibu na uzio, akapiga magoti tena.

"Sasa kama huyu siye?" Agnella akanong'ona.

"Kama siye, huyu naye ana watu aliowaacha salama. Apokee."

Akayarudia yote, mpaka wajukuu tisa. Safari hii Agnella na Paskazia walikuwa wamepiga magoti kando yake, na Evarist alikuwa amevua kofia.

Wakarudi garini. Paskazia akauliza, "Alikuwaje huyo kaka? Mrefu?"

Evelina akafumba macho, akatafuta. "Sura imenipotea kabisa, dada. Ila sauti ninayo. Alikuwa ananipiga mgongoni, anasema, 'Kohoa, mdogo wangu, kohoa. Usiogope.'"

Mbele kidogo dereva akasimama kwenye genge, Agnella akanunua senene wa kukaanga waliofungwa kwenye mfuko. Kwao Kilombero watu hawali wadudu hao, na Evelina alikuwa ameapa tangu Mwanza kwamba hatawagusa. Akachukua mmoja, akamtazama, akamtia mdomoni. Wenzake wakamkazia macho.

"Watamu," alisema, akanyoosha tena mkono.