Mwethya Ulipochukua Sola ya Kavutha

"Ungewapa kuku!"

"Kuku gani?"

"Huyo hapo! Huyo anayelalia mayai kama ameandikwa kazi na serikali!"

"Kavutha, punguza sauti. Mimi si mwalimu wako wa kwa simu."

Kavutha alikuwa amesimama katikati ya jikoni, viatu vimejaa vumbi jekundu la mlimani, simu iliyokufa imo mkononi. Mama yake, Loise, alikuwa kwenye kigoda akichambua ndengu, mguu wake ulioteguka umefungwa leso. Hakuinua macho. Nje, pale juu ya bati ambapo sola yao ilikuwa ikinywa jua kila siku, palibaki mraba mmoja tu usio na vumbi.

"Mtihani unafungwa saa saba, Mama. Nimejibu swali la kwanza, simu ikazima. Nisipomaliza leo, narudia mwaka mzima. Unanielewa? Mzima!"

"Nakuelewa. Mguu ndio umeumia, si masikio."

Kavutha alikuwa amerudi Mitaboni mwezi wa Machi, chuo kilipofungwa, godoro kichwani. Waliambiwa ni wiki chache. Zile wiki zikazaa miezi, nayo miezi ikazaa tangazo kwamba masomo sasa ni ya mtandaoni. Aliyetunga tangazo hilo hakuwahi kukanyaga bonde lao. Mtandao wa kule ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nzi akitua juu yake unakatika. Nyumbani haukushuka hata ukiitwa kwa jina la ubatizo. Ulikomea kwenye jiwe moja kubwa mlimani, tena upande mmoja wa jiwe, na ulitaka mtu auinulie simu juu kama anayeokoka.

Basi Kavutha akahamia jiweni. Jua likamchoma mpaka kivuli chake kikawa kinaomba ruhusa ya kutangulia nyumbani. Mhadhiri akiuliza kama wanamsikia, wenzake wa Mlolongo, ambao mtandao unawafuata hadi chooni, walijibu ndiyo kwa sauti moja. Yeye alipata mwanzo wa sentensi na mwisho wake. Ya katikati alijijazia. Palikuwa na mjusi wa kichwa chekundu pale ambaye hakukosa somo hata moja. Anayebisha na apande akamuulize. Mjusi yule anajua uhasibu kuliko karani wa soko, na mpaka leo ukimwona anatikisa kichwa, ujue kuna mahali hesabu zako hazikulingana.

Lakini bonde nalo lilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo corona haikuigusa. Kanisa lilifungwa, soko likafungwa, chuo kikafungwa. Mwethya ukabaki wazi. Kila wiki wanawake walikutana kwenye shamba la mwenzao, barakoa zinaning'inia kidevuni kama ndevu za beberu, wakachimba matuta ya kuzuia udongo. Wiki inayofuata, kwa mwingine. Kila nyumba ilitoa jembe na mikono miwili. Nyumba isiyotoa ilifuatwa kwa nyimbo, ikachukuliwa kitu, na kitu hicho kikakaa kwa mwenyekiti wao, Nzembi, mpaka kikombolewe kwa kuku. Kuku huyo hakuwahi kuona jioni.

Loise alipoteguka mguu, mikono ya nyumba ile ikawa ni ya Kavutha. Na Kavutha alikuwa jiweni. Wanawake walipita chini wakamwita, "Msomi! Jiwe limekujibu?" Akawapungia mkono ule ulioshika simu, mtandao ukakatika.

"Walikuja jana ukiwa huko juu," Loise alisema. "Walitaka sufuria. Sasa tungepikia kofia? Wakataka jembe. Nikawaambia, chukueni ile kitu ya juu ya bati."

"Ile kitu ya juu ya bati ndiyo shule yangu!"

"Shule gani haina kengele? Mimi naona mtu ameketi kwa jiwe, anaongea na mkono wake. Akishuka analala."

"Na jana usiku?" Sauti ya Kavutha ilishuka ghafla. "Nilichomeka simu kwa ule waya, Mama. Ulikuwa umeketi hapo hapo. Taa imezima, ukasema betri imechoka. Uliniona nikichomeka."

Vidole vya Loise vikasimama juu ya ndengu.

"Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Ningesema ungevuka mto na hiyo giza ukapigane na Nzembi. Nakujua." Akasukuma uteo kando. "Na wiki ijayo mwethya unakuja kwetu. Umesahau mvua ya mwaka jana? Shamba la juu lote lilishuka. Ndengu nilizopanda mimi zilivunwa na watu nisiowajua majina! Ningewanyima wale wanawake, wangepita hapo kwa njia na majembe yao kama hawatujui. Mwaka wa shule utaurudia. Shamba likienda mtoni, mimi nitalirudia wapi?"

Maneno ya mama yalikuwa na maana, na hilo ndilo lililomkera Kavutha zaidi. Angekuwa na mama mjinga, angemkasirikia akashiba.

"Basi nipe kuku nikakomboe," alisema. "Nikikimbia, naweza kupata maswali mawili."

Loise alimtazama kuku pembeni mwa jiko. "Vifaranga wanagonga kwa ndani. Akitoka sasa wanakufa."

"Na mimi?"

Loise akainuka, akauma meno kwa ajili ya mguu, akajikokota hadi pembeni. Alimtoa kuku kwa mikono miwili, kuku anapiga kelele na kumdonoa, akamtia mwanawe kwapani. Kisha akafungua leso ya mguuni na kuyafunika mayai nayo. Mguu ulikuwa umevimba kama kiazi kikuu.

"Kimbia," alisema.

Kavutha hakuwa amefika mlangoni wakati redio ya jirani yao Kitonga, ambayo husikika hadi ng'ambo ya bonde, ilipopiga mlio wa saa saba. Msomaji habari akaanza kuhesabu wagonjwa wapya, kaunti baada ya kaunti.

Msichana akasimama, kuku kwapani.

"Mrudishe basi," Loise alisema polepole. "Mayai bado yana joto."

"Uliniona nikichomeka, Mama. Ukaniambia lala salama." Kavutha aligeuka. "Mimi wiki ijayo sishiki jembe. Waje wachimbe, nitakuwa nimeondoka hapa. Na nikiondoka, usiniulize—"

Mlango ulisukumwa na goti. Nzembi akaingia, sola kichwani, na juu ya sola kunde zimetandazwa vizuri zikikauka.

"Mama Kavutha, mko? Hii kitu yenu inaanika kunde kuliko mkeka! Tumekaa tukasema, ah, turudishe tu, msichana anasoma, hatutaki hata kuku—"

Akamwona kuku kwapani mwa Kavutha. Uso wote ukamng'aa.

"Aiii, kumbe mlikuwa mmeshamshika!" alisema, akanyoosha mikono kumpokea.