Jina Zuri Mno kwa Mtoto Mchanga

Harufu ya mvuje haina adabu. Inafanana na kitunguu kilichosahaulika kwenye maji, na wiki jana ilinikamata nikipita mbele ya duka la dawa za miti pale Makadara. Nikasimama. Mdogo wangu alinuka hivyo miezi yake yote ya mwanzo, kwa sababu ya kipande cha mvuje alichofungwa mkononi katika kitambaa cheusi, ili jicho baya limkimbie.

Aliyemfunga ni Bi Zuhura, jirani yetu wa chini katika nyumba ya Mji wa Kale. Sisi tulikuwa Wakatoliki kutoka Taita. Baba alifanya kazi bandarini. Kabla ya mtoto huyu, mama alikuwa amezika mwingine ambaye hakuwahi kuota jino.

Kwenye zahanati ya misheni alikojifungulia kulikuwa na sista mzee Mwitaliano, aliyependa kueleza majina ya wavulana wa kwao kama mtu anayeonyesha picha za ndugu zake. Leonardo, shupavu kama simba. Benvenuto, umekaribishwa. Renato, aliyezaliwa tena. Nilipokua niliyatafuta kwenye kamusi, na sista hakuwa amekosea. Mimi nilitaka Renato. Mama akakataa.

"Huyu si yule," alisema. "Yule alikuwa na jina lake."

Akachagua Donato, aliyetolewa zawadi.

Bi Zuhura alipoelezwa maana, aliweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Zuri mno, mwanangu. Kizuri chajiuza, na huyu hatutaki anunuliwe."

"Sasa nimwiteje, Bi?"

"Takataka. Mpaka atembee."

Bi hakungoja ruhusa. Kila asubuhi alipaza sauti kutoka uani: "Lile takataka lenu limeamka? Baya lile, nani atalitaka?" Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Mama alipanda ngazi midomo imefungwa, na huko juu akaita Donato, Donato, huku akimpangusa mtoto uso uliokuwa safi tayari.

Alasiri moja mtoto akashikwa na homa, naye alikuwa amefikia umri ule ule ambao mwenzake aliondoka. Baba alikuwa kazini. Mama alishuka naye mbio, Bi Zuhura akampokea na kumfuta kwa kitambaa cha maji, jirani mwingine akaenda kutafuta teksi. Tukangoja barazani. Hapo mama aligeuka kuelekea njiani, watu wakipita, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Takataka hili. Baya. Hakuna anayelitaka."

Machozi yalimtiririka. Nyuma yake Bi Zuhura, ambaye hakuwahi kulitamka jina lile la Kiitaliano, alikuwa ameinamia sikio la mtoto. "Donato," alinong'ona. "Donato wangu, kaa nasi."

Nilidhani hofu imewavuruga akili. Dawa za zahanati ziliishusha homa ile, na leo Donato anaishi Tudor, ana kitambi na watoto watatu wasumbufu.

Miaka mingi baadaye binti yangu mwenyewe alilala akiwaka moto mapajani mwangu. Mimi ni mtu wa kusoma; nilimpa dawa kwa kipimo, nikampima joto. Kisha nikafungua dirisha, nikatangaza njia nzima isikie kwamba mtoto huyu ni mbaya, wala hana wa kumtaka.