Pete za Darubini na Ndovu wa Mkongani

Asubuhi moja, mwanangu, nilisimama dukani Mombasa nikashindwa kujibu hata swali moja, na mpaka leo nikiikumbuka masikio huniwaka moto. Nilikuwa kijana, sijamaliza mwaka katika kikosi cha kutibu wanyamapori huku kwetu Kwale. Nilikuwa nimetumwa pete mbili tu. Si pete za vidole. Ni vile vyuma vinavyoikumbatia darubini ya bunduki na kuishika juu ya mtutu, ili mpigaji aone mbali.

Ilikuwa hivi. Pale Mkongani, ukingoni mwa msitu, aliingia ndovu jike akiwa na mtoto wake. Mguu wake wa mbele ulikuwa umenaswa na waya wa mtego, na waya wenyewe umezama nyamani. Kwa yale maumivu hakuweza kwenda mbali. Alishinda kwenye mihogo ya watu, na alimfukuza kila mtu aliyepita karibu. Watoto wakaacha kwenda shule. Wanaume wa kijiji wakamjia Dokta Rehema, daktari wetu wa wanyama, wakamwambia waziwazi: "Dokta, tunakuheshimu, lakini ndovu huyu akimuua mtu, hatutakungoja."

Dawa tulikuwa nayo, na bunduki ya kurusha sindano za usingizi tulikuwa nayo. Darubini ndiyo iliyotuangusha. Ya zamani ilikuwa imeingia unyevu, ukichungulia unaona ukungu mtupu. Mgeni mmoja wa Diani alikuwa ametuachia nyingine mpya, nasi tukashukuru, lakini tulipotaka kuifunga, bomba lake halikuingia kwenye pete za zamani. Lilikuwa nene zaidi kwa kiasi cha punje ya mtama. Punje ya mtama, mwanangu, na ndovu analia porini!

Basi nikaenda Mombasa, kwenye duka lenye leseni ya silaha. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, Bi Zainabu. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia nataka pete za darubini.

"Marahaba. Reli ya bunduki yenu ni nyembamba au ni pana?"

Reli ni ule mkono wa chuma ulio juu ya bunduki, ambao pete huung'ata kwa chini. Nilikuwa nimeupangusa vumbi mara nyingi, sikuwahi kuutazama. Nikasema, "Ni ya kawaida, mama."

Akatabasamu. "Kila anayekuja hapa, yake ni ya kawaida."

Akanitolea pete mezani. Hizi za reli nyembamba iliyochongwa ubavuni. Hizi za reli pana yenye mikato ya kukingama. Na hizi nyingine nazo za reli pana, nikiziangalia naona ni zile zile, kumbe mikato yake haina upana mmoja. Halafu akauliza unene wa bomba. Halafu akauliza kama nataka fupi, za kati au ndefu. Nilizishika moja moja kama mtu anayechagua nyanya sokoni, na kadiri nilivyozishika ndivyo nilivyozidi kupotea. Zote zilikuwa nyeusi, zote nzuri, zote zilionekana ndizo.

Nikampigia simu Saidi, dereva wetu, kijana wa Ukunda aliyezoea maneno ya mjini. "Buda, ring ni ring! Chukua zile kubwa, twende kazi." Nikampigia Mzee Mwero, Mduruma wa Kinango aliyekuwa mtunzaji wa bunduki zetu. Yeye akasema, "Hujui?"

"Sijui, mzee."

"Hata mimi sijui. Basi usinunue. Rudi."

Nilirudi mikono mitupu, na kivukoni Likoni nilitamani feri isifike ng'ambo. Kambini Saidi alikuwa ameshapata ufumbuzi. Alikuwa amekata ukanda wa tyubu ya gurudumu, akaifunga darubini mpya juu ya nusu za chini za pete za zamani, ikakazika kweli kweli. Kwa ile aibu yangu, nilimuunga mkono kwa sauti kubwa kuliko yake. Mzee Mwero hakubishana. Alitundika gunia mtini, akasema tujaribu kwa sindano za maji.

Ya kwanza ilipiga gunia. Ya pili ikapiga gunia. Saidi akanipiga begani, tukacheka. Ya tatu ikapita pembeni kabisa, ikapotelea kwenye majani.

Mzee Mwero akanigeukia mimi, si Saidi. "Hiyo ya tatu ingempata mtoto wake. Wewe dukani ulikubali kwamba hujui. Hapa nani amekwambia unajua?"

Yalikuwa maneno machache, lakini yaliniingia.

Siku ya pili tulikwenda watu watatu, Dokta, Mzee Mwero na mimi, na bunduki yenyewe pamoja na vibali vyake. Bi Zainabu akapima reli: nyembamba. Akapima bomba. Pete za kwanza ziling'ata reli vizuri na bomba likatulia ndani yake, nikasema alhamdulillahi. Kumbe bado. Kichwa cha darubini kilikuwa kinagusa mtutu. Nilichanganyikiwa upya: vipi kitu kiingie kila mahali na bado kisifae? Akaleta zilizo ndefu zaidi. Zikakaa. Kambini tulipiga gunia mpaka Mzee Mwero mwenyewe akasema basi.

Mkongani, Dokta alipiga mara moja. Sindano ikaingia pajani. Ndovu akatembea, akayumba, akalala kwa ubavu, na mtoto wake akasimama akimgusa sikio kwa mkonga. Tulimzuia mtoto kwa matawi huku Dokta akikata waya na kusafisha kidonda. Wale wanaume waliotutisha ndio waliokuwa wakituchotea maji. Alipochomwa dawa ya kumwamsha tukarudi mbali. Akainuka, akaukanyagia ule mguu polepole kama asiyeuamini, kisha akaingia msituni na mtoto wake, wala hakugeuka kututazama.

Mwanangu, sijakuhadithia haya ili nijione fundi. Mpaka leo nikiwekewa pete hizo mezani huzichanganya. Ninalokuusia ni hili: unapounganisha kitu na kitu, usilinunue jina wala umbo. Peleka chuma chenyewe, pima chini na pima juu, kisha angalia kama havigusani pasipotakiwa, na ukijaribu usiishie kwenye pigo lililokufurahisha. Kama hujui, sema hujui, na uendelee kusema hivyo hata ukisharudi nyumbani kwa watu wanaokungoja. Kuchanganyikiwa si aibu. Aibu ni kuficha, akaumia asiyehusika.

Mola akupe jicho la kuona na ulimi wa kuuliza, akulinde wewe na kila kilicho mbele yako unapolenga. Amin.