Aliyekatazwa Kumsemea Bi Tatu

Siku yangu ya kwanza mahakamani Karani Mkuu alinitia faili mkononi akaniambia, "Toka ukaite." Nilikuwa nimehitimu chuo cha Kurani kwa mwalimu wangu, Bagamoyo mjini, na shule ya serikali nayo nimeimaliza, nikidhani kazi ya ukarani ni kuandika tu. Nikatoka barazani nikaita jina la mdaiwa kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Hakutokea mtu.

"Kijana," Karani Mkuu akanifuata akicheka, "unamwita mdaiwa au unamposa? Paza sauti!"

Nilipaza, nikaendelea kupaza mpaka nilipostaafu. Alhamdulillahi, Mola amenipa umri, amenipa wajukuu, na mkate haujanikauka. Siandiki haya kulalamikia riziki. Naandika kwa sababu ya jambo moja lililonichoma kifuani na halijapoa, nanyi makarani vijana mtalikuta tena na tena: ni nani anayeruhusiwa kumsemea mwenziwe mbele ya hakimu?

Leo mnawaona mawakili wakiingia katika baadhi ya mahakama za mwanzo. Zama zetu hawakuingia kabisa. Mahakama ya mwanzo ilikuwa ya mtu na jirani yake, kila mmoja akijisemea. Lakini wapo wasioweza kujisemea. Mgonjwa, kikongwe, mwenye kigugumizi, mwenye woga. Kwa ajili yao sheria iliacha dirisha katika mashauri yasiyo ya jinai, kama ya madai na mirathi: hakimu aweza kumruhusu ndugu wa mhusika, au mtu wa kaya yake, asimame badala yake. Ruhusa ilikuwa mkononi mwa hakimu, na hakimu wangu wa kwanza hakuigawa kama tende za futari.

Mtu akiinuka kusema, "Mheshimiwa, namsemea baba yangu," hakimu yule hakudai cheti. Aliwageukia wazee washauri, wale raia wawili waliokaa naye kumpa maoni, akawaachia wamhoji. Nao hawakuuliza jina la babu, kwani jina la babu hukaririwa njiani. Waliuliza, "Mzee anapenda chai yake vipi?" Waliuliza, "Mara ya mwisho mligombania nini?" Hilo la pili ndilo lililowanasa waongo. Namkumbuka bwana mmoja aliyejibu kwa fahari, "Mimi na kaka yangu hatujagombana hata siku moja."

"Basi huyo si kaka yako," mzee akamwambia. "Kaa chini, baba."

Baraza zima likaangua kicheko, na bwana yule akatoka bila kuaga.

Kituo changu cha pili kilikuwa upande wa Chalinze. Walikuja wakulima wa Ubena, wafugaji, na watu wa kila kabila walioshushwa na barabara kuu wasiondoke tena. Hakimu wa huko alikuwa mtu wa haraka na ulimi mkali, lakini katika jambo hili alipunguza mwendo. Siku moja kijana mmoja wa kike aliomba kumsemea baba mkwe wake, mzee aliyejua Kikwere tu. Hakimu akamuuliza mzee mwenyewe mara tatu, kwa mkalimani, kama ameridhia. Tulipotoka nikamuuliza kwa nini mara tatu.

"Karani," akasema, "mdomo wa mtu ni mali yake. Anayeuazima lazima ajulikane, na mwenye nao lazima akubali. Zaidi ya hapo mimi sina kizuizi."

Nimewaeleza hayo ili mjue kwamba kazi hii iliwahi kufanywa kwa akili na kwa huruma pamoja, kisha mnielewe hasira yangu.

Kituo cha mwisho kilikuwa huku kwetu pwani. Sitaitaja mahakama yenyewe. Wakati huo ardhi ya kando ya barabara ya Dar ilikuwa imepata wenyewe wengi kuliko miti yake, na nyumba ya udongo iliyodharauliwa jana iligombaniwa na ukoo mzima leo. Palipo na ugomvi hapakosi vishoka, yaani watu wasio mawakili wanaojifanya mawakili, au wanaojifanya ndugu, kwa ujira. Wetu tulimwita Binamu. Alishinda barazani na mkoba wa ngozi, shati limepigwa pasi, akimpa kila mtu shikamoo yake. Kwa huyu alikuwa mjomba, kwa yule mtoto wa shangazi. Na yale maswali ya wazee alikuwa ameyasomea. Ukimuuliza mligombania nini, alikupa ugomvi mtamu wenye kuku na uzio, hata ukasahau ulichotaka kujua.

Ndipo likaja shauri la Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa mama lishe wa Mbegani, mtu wa maneno mengi na mchuzi mzito. Alifiwa na mume. Hawakujaliwa mtoto. Kabla eda haijaisha akapigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa na ulimi ukafungika. Akili ilibaki timamu, macho yalisema kila kitu, lakini mdomoni ilitoka sauti moja tu, kama ya mtu anayevuta kitu kizito. Shemeji yake, Bwana Shabani, mdogo wa marehemu, akaja mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi, na katika mali za marehemu akaitaja nyumba ya Zinga aliyokaa Bi Tatu. Bi Tatu akaweka pingamizi la kuandikiwa. Nyumba ile haikuwa ya marehemu. Aliijenga yeye kwa jasho la jikoni, na mume aliingia humo kama bwana harusi na begi lake. Dini yetu haina utata hapo: mali ya mke ni ya mke. Ikiwa yake, analala humo mpaka afe. Ikiwa ya marehemu, inauzwa, naye anapewa robo yake na kutafuta pa kwenda.

Aliyemleta mahakamani, akimshika kiunoni, ni Leokadia, Mkristo, mtu wa bara, fundi cherehani. Alikuwa mpangaji wa chumba cha uani kwa miaka mingi. Ugonjwa ulipoingia, yeye ndiye aliyemwogesha Bi Tatu, akamlisha, akajifunza maana ya kila ishara ya mkono ule wa kushoto. Msaidizi wa sheria wa kata alikuwa amemwelekeza vizuri sana, lakini naye haruhusiwi kusimama mahakamani. Wakili hawakuweza kumlipa. Kwa hiyo Leokadia akainuka.

"Mheshimiwa, naomba kumsemea mama huyu."

Hakimu wetu alikuwa kijana msomi, mwenye adabu. "Wewe ni nani wake?"

"Mpangaji wake."

Bwana Shabani akacheka puani. Mzee mshauri mmoja akainama mbele. "Binti, mnakula chungu kimoja?"

"Kimoja, mzee."

"Mwezi wa Ramadhani, daku anapika nani?"

"Mimi. Namwamsha, anakula, nalala tena. Mimi sifungi." Watu wakacheka, naye akaongeza, "Lakini futari nakula sana."

Hata hakimu alitabasamu. Mzee akamgeukia: "Mheshimiwa, kama huyu si mtu wa kaya, basi mimi sijui kaya ni nini."

Hakimu akaandika kidogo, kisha akasema mpangaji ni mpangaji. Ombi limekataliwa. Dakika chache baadaye Bwana Shabani akasema kifua kinambana, anaomba asemewe na binamu yake. Mkoba wa ngozi ukainuka. Wazee wakauliza maswali yao, Binamu akawapa mbuzi aliyekula mahindi ya shangazi, na Bwana Shabani akathibitisha kwa kiapo. Ombi likakubaliwa.

Tulipopumzika nilimsikia Binamu pale barazani akimwambia Leokadia, kwa upole hasa, "Dada, umejiponza mwenyewe. Ungesema mtoto wake wa kulea. Nani angekupima damu?"

"Mimi nikisimama mle naapa kwa Biblia, kaka," Leokadia akamjibu. "Wewe huwa unaapa kwa nini?"

"Kwa njaa, dada," akasema Binamu, na akaenda kununua mihogo.

Nikagonga mlango wa ofisi ya hakimu.

"Shikamoo, Bwana Karani."

"Marahaba, Mheshimiwa. Yule mama hana mwingine."

"Najua, nami namhurumia. Lakini nikimruhusu mpangaji leo, kesho kila kishoka wa barabara hii atahamia kwa mteja wake na godoro."

"Na yule binamu?"

"Ameapiwa. Kama una shahidi kwamba si binamu, mlete."

"Mwezi jana, humu humu, alikuwa mjomba wa mtu."

"Mtu aweza kuwa binamu wa huyu na mjomba wa yule. Bwana Karani, tafadhali, niitie shauri."

Hakuwa mla rushwa, na nataka hilo lieleweke. Alikuwa mtu mwema aliyeogopa waongo, na kwa kuwaogopa akamfungia mlango mkweli. Nikaliita shauri.

Bwana Shabani, kifua kikiwa kimepona, akatoa ushahidi kwamba kaka yake ndiye aliyejenga. Leokadia, aliyekaa benchi la nyuma, alikuwa na maswali yake tayari. Aulizwe fundi aliyejenga alikuwa nani. Aulizwe kama kaka yake alimjua Bi Tatu kabla ya bati kupanda. Maswali mawili tu, lakini kuuliza shahidi ni haki ya mwenye shauri au anayemsemea, na yeye hakuwa huyu wala yule.

Hakimu akamgeukia Bi Tatu. "Mama, una swali kwa shahidi?"

Bi Tatu akainua mkono wa kushoto. Akatoa ile sauti. Akamwonyesha Bwana Shabani, akaonyesha paa, akajipiga kifuani, akatoa sauti tena, jasho likimtiririka. Leokadia akainuka. "Mheshimiwa, anauliza—"

"Kaa chini, mama. Huna ruhusa."

Akakaa. Hakimu akangoja, naamini alingoja kwa nia njema, kisha akainamisha kichwa, na nikamsikia akisoma anachoandika: "Hakuna swali."

Wanangu, nimesikia mengi mahakamani. Nimesikia watu wakilaaniana kwa majina ya mama zao. Sijasikia maneno mawili mabaya kuliko hayo.

Baadaye Leokadia aliitwa kama shahidi. Binamu akamuuliza jambo moja tu: "Nyumba ilipojengwa, ulikuwapo?"

"Sikuwapo. Lakini ameniambia—"

"Asante. Hukuwapo."

Nyumba ikaingia katika mirathi. Niliwaeleza habari ya rufaa, kwa kuwa kumweleza mtu haki yake ni kazi ya karani, lakini huko nako wangehitaji mtu wa kusema, na Bi Tatu aligeuza uso ukutani kila Leokadia alipoitaja. Nyumba ikauzwa. Akahamia na Leokadia kwenye chumba nyuma ya maduka, palepale Zinga, na kutoka kitandani aliisikia nyundo ya mwenye nyumba mpya.

Mimi nikastaafu. Nina wakati wa kufikiri sasa, baina ya swala na swala. Chuoni tulisoma kwamba mtu aweza kumweka mwenziwe asimamie jambo lake, hata la ugomvi, na sharti kubwa ni ridhaa na uaminifu. Tulifundishwa pia kwamba nabii wa Mungu, alipotumwa mbele ya mfalme jeuri, aliomba nduguye mwenye ulimi mwepesi aende naye. Hakuona aibu. Sisi ni nani hata tumwonee haya mja asiye na ulimi? Sisemi mahakama ziwe soko, kila mwenye mkoba aingie. Nasema sheria iliandika maneno mawili, ndugu na mtu wa kaya, na la pili haliwezi kufa kwa sababu ya uvivu wetu wa kuuliza nani anamlisha mgonjwa. Tembeeni mkaangalie. Zinga si mbali kama Makka.

Bi Tatu alifariki asubuhi ya Ijumaa. Tulikusanyika uani nyuma ya yale maduka, wanaume kwenye mikeka, wanawake ndani. Bwana Shabani alikuja, akakaa mbele kama mfiwa, na watu wakampa mkono wa pole. Imamu akauliza kama desturi ilivyo: "Msemaji wa familia ni nani?"

"Mimi," akasema Bwana Shabani.

"Marehemu ameusia nini? Azikwe wapi? Ana saumu za kulipiwa?"

Bwana Shabani akatazama mkeka. Akasema anadhani azikwe kando ya mumewe. Akasema saumu hana habari nazo. Sauti ya bibi mmoja ikatoka ndani, kali kama ya mchuuzi: "Mnamuuliza nani huko? Muulizeni Leokadia!"

Leokadia akaja mlangoni, kanga kichwani, macho mekundu. Imamu hakumuuliza ni nani wake.

"Azikwe Mbegani, kwa mama yake," akasema. "Aliniomba hivyo zaidi ya mara moja, kwa mkono. Saumu anadaiwa za Ramadhani yote iliyopita, alilia kwa kukosa kufunga. Amesema kanga zake wapewe wanawake watakaomwosha. Na amesema," hapa akamtazama Bwana Shabani, "shemeji yake asamehewe."

Imamu akasema, "Tumesikia." Akawaagiza vijana waende Mbegani kuchimba.