Pete ya Spiriti

Miaka minane nimekaa kwenye meza ileile ya maabara, na mtaani bado wananiita Daktari, eti nina dawa mkobani. Jirani akipiga chafya tu, hodi! Sina dawa ya kumpa mtu jamani. Nina unga mweupe kwenye kichupa kilichoandikwa kwa wino mwekundu: kwa utafiti tu. Ni dawa ya mzio, lakini inasemekana inaua na bakteria. Kuthibitisha hilo ndiyo kazi yangu, na nisipopata jibu wiki hii, meza anapewa mtu mwingine.

Unayeyusha unga kwa spiriti, unachovya vipande vya karatasi, unavikausha, unaviweka kwenye sahani iliyopandwa bakteria. Dawa ikifanya kazi, kesho yake unakuta duara safi limezunguka karatasi. Sisi tunaliita pete.

Jumanne nikakuta pete. Pana, safi! Nikampigia mama palepale. "Mama, nimepata pete!"

Akapiga vigelegele mpaka sikio likaziba. Nafungua mdomo nimweleze, simu imeshakatwa. Alikuwa anampigia shangazi.

Mchana mkuu wa maabara akainamia sahani yangu. "Binti, vipande ulivikausha?"

Nilikuwa na haraka. Nilivipepea kidogo na daftari, basi.

"Weka na vyenye spiriti peke yake, tuone."

Jumatano, pete ileile, upana uleule, na humo hamna dawa hata chembe; spiriti ndiyo iliyowaua bakteria! Miaka minane nawagombeza wageni, "Kausheni! Kausheni!", halafu mimi ndiye wa kufanya upuuzi huu. Nilijichukia. Nikaanza upya, safari hii vipande vikavu kabisa. Alhamisi bakteria walikuwa wamejaa mpaka ukingoni mwa karatasi. Nikaandika "hakuna" kwa hasira, kalamu ikatoboa daftari. Mkuu akasoma, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Simu ikalia. "Mwanangu, shangazi zako wanauliza, huyo mwenye pete anakuja lini?"

Nilichoka hata kueleza. "Mama, hamna kitu. Ilikuwa spiriti tu."

Nikamsikia anashusha pumzi.

"Kumbe mlevi? Mwache, mwanangu! Mwache leo leo!"

Nikacheka huku machozi yananitoka. Nikavuta boksi, nikaanza kutoa vitu vyangu mezani.

"Nimeshamwacha, mama."